Fomu ya Wasiokuwepo

Jumatano ile Hafiz alikuja ofisini ilhali si siku yake. Siku yake ni Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya sala huja hapa kwenye ofisi ya sheha, hutia saini katika daftari jeusi ninalolitunza mimi, huuliza hali ya mama yangu, kisha huondoka. Amefanya hivyo kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Kwa hiyo nilipomuona mlangoni siku ya Jumatano, mguu mmoja ndani na mmoja nje, nilijua ana haja.

"Karani," aliniita. Ndivyo anavyoniita tangu arudi, ingawa tumekua pamoja, nyumba yetu ya tatu kutoka kwao, na jina langu analijua. "Sheha yupo?"

"Kenda Wambaa, mazishini. Karibu ukae."

"Sikai. Mwambie Vuai kakubali kunitia katika watu wake. Wanaondoka Jumapili." Hakusema wanakwenda wapi, nami sikumuuliza. "Ila Vuai hataki mashaka. Anataka afande wa Chake ajue mapema na iandikwe, nisije nikamletea watu wenye bunduki siku ya kurudi. Nimesikia fomu imekuja tena."

"Imekuja."

"Basi mara hii niandike vizuri."

Alicheka kidogo aliposema hivyo, akashuka ngazi. Mimi nilibaki nimeshika mtoto wa meza ilimokuwa fomu. Sikujua kama *mara hii* aliitamka kwa makusudi au ilimtoka tu.

Ilikuwa fomu ile ile. Karatasi nne zilizopigwa pini, zenye safu za jina, umri, aliko, shughuli, siku ya kurudi, na aliyetoa taarifa. Juu yake imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni orodha ya wakaazi wasiokuwepo katika shehia. Naijua kwa sababu niliijaza ya kwanza, miaka sita iliyopita, nikiwa na miezi miwili tu kazini na stashahada yangu ya utunzaji kumbukumbu bado ikinukia wino.

Wakati ule vijiji vilikuwa vinachomwa moto kule kusini, ng'ambo ya mto wa mpakani, na redio haikuwa na habari nyingine. Ikasemwa kwamba vijana wa pwani yote wanashawishiwa kwenda kujiunga na wale wachomaji. Wakubwa wakataka kujua ni nani hayupo kwao. Mzee Ngwali, sheha wetu, aliigawa shehia sehemu mbili. Yeye akachukua nyumba za pwani, mimi nikachukua nyumba za juu, za upande wa msikiti.

Sasa lazima niseme jambo moja kuhusu kijiji chetu. Wanaume wetu huenda dago. Hupanda chombo wanne au watano, wakaenda kupiga kambi pwani ya mbali, Mafia au Kilwa au Mtwara, wakavua huko mwezi, hata miezi mitatu. Na mtu akiwa dago, kwao hatajwi aliko. Mama yake anajua, mkewe anajua, anayesuka ukili barazani anajua, lakini halisemwi kwa mdomo. Kumtaja aliko ni kumuonesha hasadi njia ya kumfuata. Hata siku ya kurudi haisemwi. Nimezaliwa nikayakuta hayo. Baba yangu alipokuwa dago nilikuwa nikiulizwa skuli, nami nikajibu kwamba sijui, na mwalimu, naye mtu wa hapa hapa, akapita kwa mwenzangu.

Nilifika kwa Bi Mwanapili alasiri. Yeye ndiye mama yake Hafiz, na ndiye aliyenisomesha Kurani, na herufi za skuli pia. Herufi yangu ya kwanza niliiandika juu ya ubao wake, kidole chake kikiwa juu ya kidole changu.

"Mwalimu, Hafiz yuko wapi?" nilimuuliza, kalamu mkononi.

Aliniangalia kama ninayemfanyia mzaha. "Sijui, mwanangu."

"Kaenda kwa shughuli gani?"

"Sijui."

"Atarudi lini?"

"Allah ndiye ajuaye. Hebu njoo ule muhogo, uache maswali ya kizungu."

Nilikula muhogo. Nilijua vyema kwamba Hafiz yuko Mtwara, kwa kuwa mwenyewe nilimuona akifunga mizigo na Vuai na wenzao wawili. Lakini chuoni tulifundishwa mambo mawili: usiache nafasi tupu, na usiandike ambalo hukuambiwa. Nikaandika "haijulikani" mara tatu, kwa mwandiko mzuri ulionyooka, na kwenye safu ya mwisho nikaandika "mama mzazi". Nilijiona nimefanya kazi safi.

Mzee Ngwali hakuwa na stashahada. Yeye hakumuuliza mtu. Alikaa barazani kwake na miwani yake yenye mguu mmoja, akaandika majina ya Vuai na wenzake wawili, akaweka Mtwara, uvuvi, mwezi wa Rajabu. Mwandiko wake ulikuwa kama miguu ya kaa. Wanaume wanne, chombo kimoja. Waliposhuka, watatu walikwenda makwao na mmoja alitiwa pingu maji yakiwa bado magotini.

Miaka minne na miezi minane Hafiz alikaa rumande bara. Kesi ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa. Mwisho akaambiwa kwamba upande wa mashitaka hauna nia ya kuendelea, aende nyumbani, ila kila Ijumaa akatie saini kwa sheha wake. Mkewe, Shadya, alisubiri miaka miwili, akadai talaka yake kwa machozi, na hakuna aliyemlaumu. Hafiz alimwacha mtoto wao, Nadhira, anatambaa, akamkuta anasoma darasa la kwanza. Siku baba aliyorudi, mtoto alimuamkia "shikamoo mgeni".

Katika muda wote huo sikumwambia mtu kwamba fomu ya nyumba za juu niliijaza mimi. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nikipeleka sukari na unga kwa Bi Mwanapili kila mfungo, naye akiniombea dua ndefu, nami nikizipokea dua zile kichwa chini.

Alhamisi asubuhi afande Othman alikuja na pikipiki yake kutoka Chake kuitazama fomu. Si mtu mbaya. Ana mvi zaidi ya umri wake, na hunywa chai ya ofisi hata ikiwa imepoa. Nilimsubiri amalize kikombe ndipo nikamwambia habari za Hafiz, maneno yakinitoka moja moja.

"Anataka kwenda baharini," alisema. "Si vibaya. Kavua tangu utoto, afanye nini? Auze kadi za simu Gombani?"

"Kwa hiyo unamruhusu?"

"Namruhusu, kwa masharti. Safu zote zijae, Bi Asma. Anakwenda wapi, na nani, anarudi lini. Na asiyaseme yeye. Ayaseme mtu wa nyumba yake, mbele ya shahidi. Mara ile mama yake alisema hajui. Maneno yale bado yapo kwenye jalada."

Niliinama nikayapanga makaratasi yaliyokuwa yamekwisha kupangika.

"Afande, lile jalada litafungwa lini?"

"La Hafiz?"

"Ndiyo."

"Vita vikiisha."

"Vitaisha lini?"

Nilidhani atanicheka. Alikizungusha kikombe chake juu ya meza. "Babu yangu alipigana Kagera. Vita vile vilikuwa na mwisho, na mwisho wake waliuona. Walirudi kwa magari, watu wakawatandikia khanga barabarani. Hivi sasa mimi nitatandikiwa na nani? Nani atakuja kuniambia, Othman, basi, tumeshinda, nenda kalale? Adui huyu hana mji tukauteka. Hana mkubwa akaweka saini. Ukimkamata mmoja hujui kama umewapunguza au umewazidisha."

"Na kama mliyemkamata siye?"

Alijibu polepole: "Nilipelekwa kule mpakani miezi mitano. Nimefukia watoto, Bi Asma, kwa mikono hii. Mmoja alikuwa na daftari la hesabu kifuani. Tangu siku ile nikiona nafasi tupu kwenye fomu, silali. Unifahamu. Sikwambii kwamba ni haki. Nakwambia silali."

Nilimfahamu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Ningependa awe mtu mbaya.

Alasiri nilikwenda kwa Bi Mwanapili. Ilikuwa saa ya chuo cha Kurani cha wanawake. Wanafunzi wanane au tisa walikuwa wamekaa kwenye mkeka ukumbini, akiwemo Khairat, mke wa Vuai. Nilitaka kumuita mwalimu ndani, lakini sharti lilikuwa shahidi, na mashahidi walikuwa hapo. Nikakaa palepale mlangoni.

"Mwalimu," nilisema, "nimekuja na karatasi ile."

Akaiona. Wanawake wakaiona pia, na usomaji ukakatika.

"Wanauliza Hafiz anakwenda wapi Jumapili. Ukisema, ataruhusiwa. Usiposema..."

"Nshajua nisiposema," alinikata. Aliivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Halafu akasema kwa sauti ile anayotumia kutusomesha, iliyo wazi, yenye kituo baada ya kila neno: "Mwanangu Hafiz anakwenda Kilwa. Anakwenda na Vuai, na Hudhaifa, na Yussuf mdogo wake Vuai. Watapiga kambi kisiwa cha mbele ya Kilwa, upande wa mikoko. Anakwenda kuvua. Atarudi mwezi ishirini na saba Shaaban, kabla ya mfungo. Umeandika?"

"Naandika, mwalimu."

"Andika na chombo. Chombo ni cha Vuai, kina tanga lenye kiraka cha buluu. Mie ni mama yake mzazi na nayajua yote haya. Nilikuwa nayajua na mara ile."

Nyuma yangu mtu alisema, "Astaghfirullah," kwa pumzi. Khairat alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Nimesema sawa, mwanangu?" Bi Mwanapili aliniuliza. Ilikuwa sauti ya mwanafunzi.

"Umesema sawa, mwalimu."

"Basi nenda upesi kabla sijajuta."

Nilikimbia, nadhani. Ijumaa mapema nilimpigia simu afande Othman, nikamsomea safu zote, akaniambia niweke muhuri. Niliubonyeza kwa nguvu hata meza ikatikisika. Mzee Ngwali, aliyekuwa anakuna mgongo kwa rula yangu, aliniuliza kama natoboa mbao.

"Nimemaliza ya Hafiz, Sheha. Atakwenda."

Hakufurahi nilivyotarajia. "Kayasema Mwanapili? Yote? Mbele za watu?"

"Ndiyo."

"Na mke wa Vuai alikuwepo."

"Alikuwepo."

Mzee Ngwali aliiweka rula juu ya meza, akaisogeza mpaka ikalingana na ukingo. "Ungenambia mie nikaandika tu," alisema.

Baada ya sala Hafiz alikuja. Nilikuwa nimeikunja nakala yake mara mbili na kuitia kwenye bahasha, nikawa nimesimama tayari kumpa.

"Afande kakubali," nilisema kabla hajafika mezani. "Una ruhusa. Imegongwa muhuri."

Aliipokea bahasha, hakuifungua. "Vuai kakataa."

"Kakataa vipi? Si yeye aliyetaka iandikwe?"

"Alitaka iandikwe. Hakutaka itangazwe kwenye mkeka wa chuo. Alinikamata mlangoni pa msikiti. Anasema kambi imeshatajwa, na siku imeshatajwa, na kiraka cha tanga kimeshatajwa. Wenzake hawapandi chombo na mie." Alijaribu kumwiga Vuai, midomo ameibenua. "'Hafiz ndugu yangu, nakupenda, lakini mie nna watoto.' Watabadilisha kambi, watakwenda asikokutaja mtu. Watatu."

"Nitazungumza naye. Nitamwambia kosa ni langu."

"Utamwambia nini? Weye mwenyewe ungempandisha?"

Baba yangu alinijia, na jinsi nilivyokuwa nikikaza midomo skuli. Sikuweza kusema kwamba ningempandisha.

Nikasema lile jingine. Sikulipanga. "Hafiz, ile fomu ya kwanza niliijaza mimi. Mama yako alisema hajui, nikaandika haijulikani. Nilijua uko Mtwara. Nilikuoneni mkifunga mizigo. Nilijua, nikaandika haijulikani."

Nje mtu alikuwa anamwita mbuzi.

"Najua," alisema.

"Unajua tangu lini?"

"Siku ya tatu. Walinionesha. Waliiweka ile karatasi mezani, wakaniuliza, mbona hata mama yako hakujui uliko? Mie sikuwa natazama maneno. Nilikuwa natazama mwandiko. Ile herufi h yako yenye tumbo, aliyokufundisha mama, hakuna mwengine anayeiandika vile. Nilikuwa sijaona kitu cha nyumbani siku tatu, Asma. Nilifurahi. Nilifurahi kwanza. Baadaye ndiyo nikasoma."

Nilitaka aniseme. Ningeshukuru hata angenitukana. Yeye alilivuta daftari jeusi, akatia saini ya Ijumaa, akairejesha kalamu mahali pake, karibu na kidau cha wino wa muhuri.

"Mama analia," alisema akiwa mlangoni. "Anasema kampoteza mwanawe mara mbili, mara kwa kunyamaza na mara kwa kusema. Mwendee, lakini usiende leo."

Jumapili chombo kiliondoka na watu watatu. Sikwenda kutazama.

Jumatatu afande Othman alipiga simu. Alikuwa anataka tu kuhakikisha, kabla ya kuipeleka orodha juu, kwamba Hafiz ameondoka kama ilivyoandikwa. Nilimwambia hakuondoka.

"Hakuondoka? Na ruhusa anayo?"

"Wenzake walikataa kwenda naye."

"Kwa nini?"

Nilimueleza. Nilimueleza kama ninavyokuelezeni hapa, tangu mwanzo, kuhusu hasadi, na kambi, na kuhusu mwalimu wa skuli aliyeniuliza akapita kwa mwenzangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilisikia kalamu yake ikigonga kitu.

"Mimi nakuamini," alisema. "Lakini nikiiandika hivi, wa juu yangu ataniuliza: mtu aliyekaa rumande miaka minne anaomba ruhusa kwenda Kilwa, anapewa, halafu anabaki. Wenzake wanaondoka, na kambi wanabadilisha, hawasemi wapi. Atasoma nini hapo, Bi Asma? Wewe ungesoma nini?"

"Ningesoma kwamba amebaki kwao."

"Wewe, ndiyo." Alivuta pumzi. "Mwambie kuanzia wiki hii aje mara mbili. Jumatatu na Ijumaa. Si adhabu. Ni mpaka hao watatu warudi."

"Na wakirudi?"

"Wakirudi tutaona." Kisha, kwa sauti ya chini: "Nisamehe."

Sikutaka kumtuma mtu. Nilifunga ofisi, nikapita njia ya nyuma ya msikiti nisipitie ukumbi wa mwalimu. Nilimkuta Hafiz shambani kwao anapalilia muhogo, akiinua jembe kama mtu asiyelizoea. Nadhira alikuwa amekaa juu ya gunia tupu anamhesabia mashimo. Nilimwambia bila ya kuzunguka, kwa kuwa ningezunguka ningeshindwa.

Alilichomeka jembe ardhini. "Leo ni Jumatatu," alisema.

"Ndiyo."

"Basi twende, isije ikaandikwa sikuja."

Tulirudi pamoja, yeye mbele, mimi nyuma, Nadhira katikati akiburura gunia. Ofisini nilimfungulia daftari jeusi. Alitia saini, lakini mara hii hakuondoka. Alivuta kiti cha wageni, kile ambacho kwa mwaka na miezi miwili amekataa kukikalia, akakaa. Alizipekua kurasa zilizobaki kwa kidole gumba chenye udongo, kwa utaratibu, kama anayetafuta aya.

"Hili likijaa?" aliuliza.

Nilikwisha kuulizia hilo mwenyewe, siku nyingi nyuma, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mengine matatu, mapya, yalikuwa kwenye kabati nyuma yangu, bado yamo ndani ya nailoni.

"Wataleta jingine," nilisema.

Alitikisa kichwa, akalifunga. Nadhira alimuuliza kama na yeye anaweza kuandika jina lake. Hafiz alinitazama. Nilichukua kipande cha karatasi kisichokuwa na safu, nikamsogezea mtoto, naye akaandika, ulimi nje, herufi zenye tumbo, kama alivyofundishwa na bibi yake.